Neno la Mfalme katika Karamu ya Nairobi

Usiku wa tarehe 31 Oktoba, 2023, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alisimama katika Ikulu ya Nairobi, mbele ya Rais William Ruto na wageni walioalikwa karamuni, akataja mambo waliyotendewa watu wa Kenya walipokuwa wakiupigania uhuru wao. Alisema kwamba makosa ya zamani ni jambo la huzuni kubwa na masikitiko makubwa. Alisema kwamba Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza, na ukatili huo akaupa sifa moja zaidi kwa Kiingereza: "unjustifiable". Kisha akaongeza kwamba kwa hayo hapana udhuru.

Sisi hatuna desturi ya kuandika makala nzima juu ya neno moja la lugha ya watu wengine. Lakini neno hili ni zito, na lilitamkwa na mtu ambaye hasemi jambo la siasa bila ya shauri la mawaziri wake. Mfalme wa Uingereza haropoki. Maneno ya hotuba kama ile hupimwa kama sonara apimavyo dhahabu. Lililotiwa limetiwa kwa kusudi, na lililoachwa limeachwa kwa kusudi. Kwa hiyo yafaa mwananchi ajue neno hili lasema nini, na zaidi ya hapo ajue limenyamaza juu ya nini.

Tuanze na umbo lake. Ni neno la kuungwa. Katikati yake imo haki, kwa neno la Kilatini lililoingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Baada ya haki kinafuata kipande chenye asili ya kitenzi cha kufanya. Mwishoni kimetiwa kiambishi cha uwezekano, ambacho kazi yake ni ile ile ya -ika na -eka katika Kiswahili chetu, kama tusemavyo kwamba njia hii yapitika, barua hii yasomeka, chakula hiki hakiliki. Na mbele kabisa pamewekwa kikanusho. Ukiyasoma yote pamoja, neno lasema: jambo lisilofanyika kuwa haki, hata ufanyeje.

Hiyo "hata ufanyeje" ndiyo roho ya neno. Waandishi wengi, na sisi tumo, hulichanganya neno hili na ndugu yake "unjustified", ambalo halina kile kiambishi cha uwezekano. Tofauti yao si ya wanachuoni tu. Mfanyakazi huikuta kazini. Mwajiri akimfukuza mtu kwa sababu aliyoshindwa kuithibitisha, kitendo chake ni "unjustified", yaani hakikupewa haki yake. Yamkini sababu njema ilikuwapo ila hakuileta, na kama angeileta pengine angeshinda. Lakini akimfukuza mwanamke kwa kuwa ana mimba, au akimfukuza mtu kwa kuwa ameingia chama cha wafanyakazi, hapo hapana sababu ya kungojwa. Na alete mashahidi kumi, na afungue madaftari yake yote mezani, kitendo kile hakifanyiki kuwa haki. Hicho ndicho "unjustifiable".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yazijua hali hizo mbili. Kwa upande mmoja yamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu yake ilikuwa ya kweli na ya haki, na kwamba utaratibu wa haki ulifuatwa. Kwa upande mwingine yazitaja sababu ambazo hazikubaliki kamwe, mimba na uanachama wa chama cha wafanyakazi zikiwa miongoni mwao. Na twamwomba msomaji aangalie mzigo wa kuthibitisha umetuliwa wapi: umetuliwa juu ya yule aliyetenda. Aliyefukuzwa hadaiwi kuthibitisha kwamba alionewa. Aliyefukuza ndiye adaiwaye kuonyesha haki yake. Jambo hilo tutalirudia.

Siku hizi neno limepata wateja wengi. Kocha wa mpira akinyimwa penalti husema kwa Kiingereza kwamba uamuzi wa refa ni "unjustifiable". Hapana. Refa hakuona vizuri, basi. Na asiyeona ana udhuru wake. Neno likitumiwa kwa penalti leo, kesho litatumiwa kwa nini pale watu watakapokuwa wameuawa?

Tumetaja udhuru, na hapo pana tofauti nyingine ambayo Mfalme, au waliomwandikia, waliijua vyema. Mahakama za Kiingereza, ambazo kwazo mahakama zetu zilirithi mambo mengi, hutenga utetezi wa namna mbili. Mtu aweza kusema: nilitenda, na nilitenda haki. Nyumba ya jirani ilikuwa ikiungua na mtoto yumo ndani, nikauvunja mlango. Kuuvunja mlango wa mtu ni kosa, lakini siku ile haikuwa kosa. Namna ya pili mtu hasemi kwamba kitendo kilikuwa chema. Asema: kitendo kilikuwa kibaya, lakini msinilaumu, maana nilikuwa mtoto mdogo, au akili ilikuwa imenitoka. Huo ndio udhuru. Utetezi wa kwanza hukisafisha kitendo. Wa pili hukiacha kitendo na uchafu wake, ila humwondolea mtendaji lawama.

Mfalme aliifunga milango yote miwili kwa sentensi moja. Kwa neno "unjustifiable" alisema kitendo hakisafishiki. Kwa kusema hapana udhuru alisema lawama haiondoki. Twakiri kwamba tuliposoma hotuba ile mara ya kwanza tulidhani hakuna kilichobaki. Tulipoisoma mara ya pili tuliona mlango wa tatu, nao ulikuwa wazi.

Lakini kabla ya kuufikia mlango huo hatuna budi kutafuta Kiswahili cha neno hili, kwa kuwa katika kulitafsiri ndipo ilipodhihirika maana yake. Wepesi wa kalamu ungetufanya tuandike "ukatili usiohalalishika". Ni Kiswahili kizuri, na mtu yeyote angekielewa. Hata hivyo kina kasoro moja kubwa: si kweli. Ukatili ule ulihalalishika sana. Ulihalalishwa kwa kalamu na karatasi, na watu wenye shahada za sheria.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili ambayo watu huyasema pamoja mpaka wakasahau kwamba ni mawili: haki na halali. Halali ni kile kilichoruhusiwa. Kanuni ikibadilishwa jioni, kilichokuwa haramu mchana chaweza kuwa halali usiku. Haki haibadilishwi hivyo. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba, 1952, ilijipa kwa kanuni mamlaka ya kuwafunga watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani, na maelfu kwa maelfu wakafungwa. Ilikuwa halali. Mwaka 1957, wafungwa wa kizuizini walipokataa kutii amri za kambi, wakubwa wa serikali ile walikaa wakatenganisha nguvu za namna mbili: nguvu ya kuadhibu na nguvu ya kushurutisha. Ya kwanza walisema haifai. Ya pili walisema yaruhusiwa. Msomaji na ajiulize kama mgongo unaopigwa waweza kujua ni nguvu ipi kati ya hizo mbili inayoupiga. Mwanasheria Mkuu wa serikali hiyo, Eric Griffith-Jones, ndiye aliyeshughulika na kuzitengeneza kanuni hizo, na katika barua yake ya Juni, 1957, alimwandikia Gavana kwamba kama watatenda dhambi, basi hawana budi kuitenda kimya kimya. Mtu aandikaye hivyo anajua tofauti ya halali na haki kuliko sisi sote.

Yaliyotokea Hola, karibu na Mto Tana, yaonyesha jinsi kitendo kisichofanyika kuwa haki kinavyotafutiwa haki, moja baada ya nyingine, mpaka zinakwisha.

Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa wa kizuizini zaidi ya 80 walitolewa katika kambi ya Hola wakapelekwa kuchimba mfereji wa maji ya mashamba. Walikuwa watu waliosema siku zote kwamba wao ni wafungwa wa siasa na hawatafanya kazi ya shuruti. Mpango wa kuwashurutisha ulikuwa umeandikwa mapema na kupitishwa na wakubwa. Askari wa kambi waliwapiga kwa marungu. Watu 11 walikufa, na wengine wengi waliumizwa vibaya.

Utetezi wa kwanza ulitoka upesi. Taarifa ya serikali ilieleza kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Taarifa hiyo haikusema waziwazi kwamba maji ndiyo yaliyoua. Iliyaweka mambo mawili bega kwa bega na kumwachia msomaji ayaunganishe mwenyewe. Utetezi huo ulidumu mpaka maiti zilipopasuliwa na waganga. Hakimu aliyechunguza vifo hivyo alikuta kwamba watu walikufa kwa majeraha ya kupigwa.

Ukaja utetezi wa pili: kwamba mpango ulikuwa mwema ila ulitekelezwa vibaya na watu wa chini. Huu ni utetezi ambao wafanyakazi wanaujua vizuri, maana katika kila kiwanda mashine ikivunjika kwa amri ya mkubwa, mwenye kulaumiwa ni aliyeshika mpini. Ukaja na wa tatu, ambao ulisemwa kwa sauti ya chini zaidi: kwamba waliokufa walikuwa watu wabaya mno, waliokula viapo vya kutisha, hata si watu kamili.

Jambo hili lilifika katika Baraza la Makabwela mjini London. Bibi Barbara Castle na wenzake wa chama cha Labour walilishikilia bila ya kuchoka. Lakini pigo lililovunja utetezi ule wa tatu lilitoka upande ambao haukutazamiwa. Usiku wa mjadala wa tarehe 27 Julai, 1959, mjumbe wa chama kilichokuwa kikitawala, Bwana Enoch Powell, alisimama akasema kwamba ubaya wa mtu si hoja ya kumwua, na kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Afrika na kingine kwa nyumbani kwake. Hatumtaji kwa kumsifu. Bwana huyu ndiye aliyejulikana dunia nzima mwaka 1968 kwa hotuba yake kali dhidi ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola. Twamtaja kwa sababu alikuwa mtu wa ndani.

Wazee wa Mombasa wanaijua habari ya Ngome ya Yesu. Watu wa Omani waliizingira tangu Machi, 1696, mpaka Desemba, 1698, na kuta zake nene zilikuwa zingali zimesimama siku ilipoingiliwa. Kilichokuwa kimekwisha ni watu wa ndani, kwa maradhi na njaa. Hoja nazo ndivyo zilivyo. Makelele ya nje hayaziangushi. Huanguka pale aliyekuwa ndani ya ukuta anapotoka na kusema kwamba yeye hana tena la kulinda.

Na bado hakuna mtu hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kujibu vifo vya watu 11 wa Hola. Hoja za kukitetea kitendo zilikwisha. Watendaji wakabaki salama. Hapa ndipo penye ule mlango wa tatu.

Turudi sasa kwenye hotuba ya Nairobi na tuitazame sentensi yenyewe. Mfalme hakusema kwamba fulani alitenda. Alisema kwamba palikuwa na vitendo vilivyotendwa dhidi ya Wakenya. Neno "unjustifiable" ni sifa ya kitendo, halimgusi mtendaji. Laweza kuning'inizwa juu ya kitendo kama kibao kilichoning'inizwa juu ya duka ambalo mwenyewe hajulikani. Katika Kiingereza sentensi ya namna hiyo hupita bila ya kumkwaza msikilizaji. Katika Kiswahili haipiti hivyo kwa urahisi. Ukimwambia mtu "walipigwa", "waliuawa", "walitendewa", sikio lake hungojea ile "na" ndogo inayofuata: na nani? Mtoto akija nyumbani analia, akasema "nimepigwa", hakuna mama atakayemjibu kwamba kupigwa huko hakufanyiki kuwa haki. Atamwuliza swali moja tu.

Wazee watano wa Kenya walilipeleka swali hilo katika Mahakama Kuu ya London mwaka 2009. Miongoni mwao alikuwamo Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola siku ile hata akadhaniwa amekufa, akazinduka katikati ya maiti. Yafaa tuangalie serikali ya Uingereza ilijitetea kwa nini. Haikusema kwamba mateso yalikuwa haki. Baadaye haikukana hata kwamba wazee wale waliteswa. Ilisema kwanza kwamba dhima ya mambo hayo, kama ipo, iliihamia serikali ya Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Yaani walioteswa wajilipe wenyewe. Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo mwaka 2011. Ndipo ikasema kwamba muda umepita mno. Naye akaikataa hoja hiyo pia, mwezi wa Oktoba, 2012. Wakati wa kesi hizo ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa na marundo ya majalada ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, na barua za wakubwa wa enzi ile zikasomwa.

Tarehe 6 Juni, 2013, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Bwana William Hague, alitangaza kwamba Wakenya 5,228 watalipwa, na kwamba jumla ya malipo pamoja na gharama za kesi ni pauni milioni 19.9. Alisema serikali yake yatambua kwamba Wakenya waliteswa, na kwamba yasikitika kwa moyo. Katika tangazo lile lile akasema kwamba serikali yake ingali inakana kuwa na dhima kwa vitendo vya utawala wa kikoloni. Fedha zililipwa na dhima ikakanwa, kwa pumzi moja. Sasa msomaji aliyekumbuka habari ya mwajiri na mzigo wa kuthibitisha ataona mahali mzigo huo ulipokuwa kwa miaka zaidi ya 50: juu ya mabega ya wazee waliopigwa.

Mtu aweza kutuambia kwamba twamdai Mfalme kupita kiasi, kwamba watawala hawasemi hivyo, kwamba lugha ya mataifa ina adabu zake na wanasheria wake. Tungekubali, kama si kwa jambo lililotokea siku iliyofuata, upande wetu wa mpaka. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mahali ambapo Chifu Songea Mbano na wenzake walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Alisema kwamba aona aibu. Aliomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale waliomsikiliza. Hakutumia sifa kubwa ya kitendo. Alimtaja mtendaji, na mtendaji alikuwa ni watu wake mwenyewe.

Wala hatusemi kwamba Songea kuliisha kila jambo. Msamaha ule haukufuatana na fidia, na watu wa huko wanangali wanauliza kichwa cha chifu wao kiko wapi. Wakenya 5,228 walipata malipo bila ya neno la kukiri dhima. Watu wa Songea walipata neno bila ya malipo. Rais Ruto mwenyewe, katika karamu ile ile ya Nairobi, alimwambia mgeni wake kwamba yamebaki mengi ya kufanywa ndipo fidia iwe kamili.

Imebaki kazi yetu sisi watu wa gazeti, ambayo ni ndogo kuliko hiyo. Katika meza yetu tumekubaliana kwamba neno la Mfalme hatutaliandika "usiohalalishika", kwa sababu tulizozieleza, wala "usio na sababu", maana sababu zilikuwapo na zilijulikana: ardhi na utawala. Tutaandika "ukatili usioweza kufanywa kuwa haki". Ni maneno mengi mahali pa moja, na wapanga kurasa wetu wamekwisha kulalamika kwamba hayaenei katika kichwa cha habari. Na pale katika sentensi ambapo Kiswahili chataka jina la aliyetenda, tutapaacha wazi, kama palivyoachwa katika hotuba.